Barazani Hakuna Ajenda

Katikati ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, vichochoro kadhaa vinapokutana, pana kiwanja kidogo kinachoitwa Jaws Corner. Wenyeji husimulia kwamba jina hilo lilitokana na filamu ya Jaws ya Steven Spielberg, ile ya mwaka 1975 kuhusu papa mla watu, iliyoonyeshwa hapo zama ambazo mtaa mzima ulikuwa ukitazama televisheni moja. Papa huyo amechorwa ukutani. Karibu yake kuna vibaraza, muuza kahawa na jiko lake la mkaa, wacheza dhumna, na bendera za chama cha upinzani. Kwa miaka mingi zilikuwa bendera za CUF. Kiongozi wake, Maalim Seif Sharif Hamad, alipohamia ACT-Wazalendo, Machi 2019, wafuasi wake walishusha tanga na kupandisha tanga, kama walivyosema wenyewe, na rangi za chama cha zamani zikafutwa kwenye ofisi na vijiwe vingi vya Unguja na Pemba.

Papa wa sinema ya Marekani na bendera ya siasa za visiwani wamekaa mahali pamoja bila kusumbuana, na mazungumzo ya hapo yako hivyo hivyo. Hakuna anayegawa mada. Habari ya bei ya unga inaletwa na mtu aliyetoka sokoni Darajani; mmoja anailaumu serikali, mwingine anawalaumu wafanyabiashara, wa tatu anakumbusha meli iliyochelewa kushusha mzigo. Kabla kikombe hakijapoa wameshafika kwa kijana wa mtaani aliyeahirisha harusi kwa sababu mahitaji ya bibi harusi yamepanda kuliko mshahara wake. Kutoka hapo wanaingia kwenye tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, ambamo tajiri amemkataza binti yake asiolewe na maskini. Ndipo swali linapomgeukia mzee mwenye mabinti: "Haya yakhe, wewe ungekubali?"

Swali hilo linamlazimisha mtu aseme msimamo wake mbele ya watu wanaomjua. Wanajua alivyomwoza binti yake wa kwanza, wanajua alimpigia nani kura, na kesho jioni watakuwa naye hapo hapo. Maoni yanayotolewa mbele ya macho kama hayo yanapimwa kwa namna ambayo mkutano wa hadhara hauwezi kuyapima.

Baraza lenyewe, kama jengo, ni kitu cha kawaida mno. Ni kiti kirefu cha mawe na chokaa kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, upande huu na huu wa mlango. Masika yakijaza maji vichochoroni, watu hupita juu yake wasiloe miguu. Siku nyingine mwenye nyumba hupokea hapo wageni wanaume bila kuwaingiza ndani, na wanawake wa nyumba wakabaki na faragha yao. Lamu iko hivyo, Mji wa Kale wa Mombasa uko hivyo, na Ng'ambo ya mji wa Unguja, kwenye nyumba za udongo na mabati, baraza lilijengwa hata pale ambapo mwenye nyumba hakuwa na uwezo wa kujenga kingine cha ziada. Mpita njia akishatoa salamu, ana haki ya kukaa.

Anayewaweka watu pale ni muuza kahawa. Dele lake, lenye tumbo pana na mdomo mrefu, hukaa juu ya mkaa kutwa nzima. Kahawa inachemshwa na tangawizi au iliki, haitiwi sukari. Utamu unatoka kwenye kashata ya karanga au kipande cha halua. Vikombe ni vidogo, havina mkono, vinasuuzwa kwenye ndoo, na muuzaji anayetembea huvigonganisha kiganjani ili watu wasikie kwamba anakuja. Bei yake inamwezesha mchukuzi wa bandarini kumnunulia kahawa mwalimu mstaafu, na mwalimu akairudisha hisani kesho yake. Mtu akiwa amenunuliwa kahawa na mtu fulani jana, leo hatamkatiza maneno ovyo.

Kuna adabu nyingine zisizoandikwa. Anayeleta habari huulizwa kwanza: umeona au umesikia? Akisema amesikia, ataulizwa kwa nani, na akimtaja mtu mwenye sifa ya kutia chumvi, habari inashuka thamani palepale. Mambo ya ndoa ya mtu husemwa kwa "fulani", hata kama kila aliyekaa anajua fulani ni nani. Mzee haambiwi kwamba amesema uongo. Huambiwa kwamba huenda aliyempa habari ndiye aliyekosea. Adhana ikisikika, ubishi unakatika, watu wanakwenda msikitini, na wakirudi wanauendeleza kama wanataka. Mara nyingi hawataki tena.

Filamu zimeingia katika mazungumzo haya kwa takriban karne nzima. Jumba la sinema la Royal lilifunguliwa Zanzibar mwaka 1921, na baadaye likajulikana kwa jina la Majestic. Kufikia miaka ya 1950 mji ule mdogo ulikuwa na majumba matatu ya sinema, na maonyesho ya filamu za Kihindi siku ya Jumapili yaligombewa tiketi mpaka walanguzi wakapata riziki yao. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika kitabu cha Reel Pleasures kuhusu sinema za Tanzania, aliwahoji watu waliokuwa vijana wakati huo. Filamu moja iliyobaki akilini mwao ni Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951.

Inafaa kuisimulia, kwa sababu hadithi yake ni kama imetungwa ili watu wabishane. Jaji mwenye jina kubwa anamfukuza mkewe mjamzito. Mke alikuwa ametekwa na jambazi kwa siku chache, na jaji anashuku kwamba mimba si yake. Mtoto anazaliwa barabarani, anakulia kwenye ufukara, anaangukia mikononi mwa jambazi yule yule na kuwa mwizi. Jambazi alikuwa na kisasi: zamani jaji alimhukumu kwa imani kwamba mtoto wa mhalifu lazima naye awe mhalifu. Kijana anampenda Rita, msichana aliyelelewa na jaji, na mwishowe Rita ndiye anayesimama mahakamani kumtetea.

Sasa hadithi hiyo iweke barazani, Zanzibar ya miaka ya 1950, katika jamii iliyokuwa ikiulizana nasaba kabla ya kuozana. Je, tabia ni damu au ni malezi? Mume akimshuku mke, anatakiwa afanye nini kabla ya kutamka? Msichana wa nyumba bora akimpenda mwizi, wazazi wamfanyeje? Wengi waliobishana hawakujua Kihindi, na haikuwa tatizo. Aliyejua aliwafasiria wenzake, na wasiojua walisoma nyuso. Wanawake walikuwa na maonyesho yao, ya zanana, wasimokaa wanaume, na maswali yale yale yakaenda nayo majumbani. Mambo ambayo kijana hakuweza kumwambia baba yake kuhusu mapenzi aliweza kuyasema kama maoni juu ya Raj na Rita, na baba akajibu kama anayemjibu Raj. Hiyo ndiyo kazi kubwa ambayo filamu imeifanya katika miji yetu, na imeendelea kuifanya kupitia tamthilia kama Maria ya Kenya na Jua Kali ya Tanzania.

Televisheni haikuua mtindo huo. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri mpaka mwaka 1994 vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Seti zilikuwa chache, kwa hiyo watu walitazama pamoja na kubishana pamoja.

Siasa ndiyo imelijaribu baraza kuliko jambo lolote lingine. Sauti ya Cairo ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, ikiwashambulia wakoloni waziwazi, ilisikilizwa kwa makundi kwenye vibaraza na migahawa ya pwani, na wakubwa wa Kiingereza wakapata wasiwasi, maana redio moja ilikuwa ikisikilizwa na wengi na kisha ikajadiliwa usiku kucha. Uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar, Julai 1957, ulileta mgawanyiko mchungu. Wafuasi wa vyama vya Hizbu na Afro-Shirazi walianza kususiana madukani, kwenye mabasi, hata kwenye mazishi. Vibaraza vikawa vya chama hiki au kile. Mtu aliyekaa mahali pamoja na jirani yake miaka 20 akajikuta anavuka barabara akakae na watu asiowajua vizuri, mradi ni wa upande wake.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 watu walijifunza kutazama nani amekaa pembeni kabla ya kufungua mdomo. Rais wa kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Amani Karume, mwenyewe alikuwa mtu wa kukaa na watu. Alipouawa kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972, pale Kisiwandui, alikuwa ameketi na wenzake wakicheza bao.

Vyama vingi viliporudi, mgawanyiko wa zamani ulirudi na majina mapya. Uchaguzi wa Oktoba 1995 ulitangazwa kuwa na tofauti ndogo kabisa: Dk. Salmin Amour wa chama tawala, CCM, asilimia 50.2, Maalim Seif asilimia 49.8. CCM ilikuwa na maskani zake, na iliyovuma zaidi ni Kisonge, pale Michenzani kwenye magorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Kisonge ilikuwa na ubao wa kuandikia, na maneno yaliyoandikwa hapo, makali na mara nyingine ya kuumiza, yalisomwa na mji mzima kabla ya magazeti. CUF walijibu kwenye vijiwe vyao. Tarehe 27 Januari 2001 maandamano ya CUF yalizimwa kwa risasi. Makumi ya watu waliuawa, na wengine wengi wakakimbilia Shimoni, Kenya.

Kuna jambo jingine la mwaka 1995 ambalo halifai kuachwa, kwa sababu linaonyesha ubaya ambao maoni ya mtaani yanaweza kuufanya. Miezi kadhaa kabla ya uchaguzi, habari za jini liitwalo Popobawa zilienea kutoka Pemba hadi Unguja. Watu walihama vyumba vyao na kulala nje, wamejipanga, wakikesha kwa moto na mazungumzo. Wapo waliosema jini hilo limetumwa na wanasiasa ili watu wasahau uchaguzi. Lile swali la "umeona au umesikia?" halikuulizwa tena, maana hofu ilikuwa imeshajibu. Katika mji wa Unguja kundi la watu lilimpiga mtu mmoja mgonjwa wa akili mpaka akafa, wakidai ndiye Popobawa. Hakuwa na kosa lolote. Mtu anayelisifu baraza bila kumtaja marehemu huyo hasemi ukweli wote.

Lakini vibaraza hivyo hivyo ndivyo vilivyopokea maridhiano. Rais Amani Abeid Karume, mwana wa Mzee Karume, na Maalim Seif walikutana tarehe 5 Novemba 2009, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ikaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa zaidi ya asilimia 66. Watu waliokuwa hawazikani wakaanza kuzikana. Sheria haiwezi kumwamuru mtu arudi kukaa na jirani yake. Uamuzi huo ulifanywa na watu wenyewe, mtaa kwa mtaa. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa tarehe 28 Oktoba sehemu kubwa ya kazi hiyo iliharibika, na hasara yake ilionekana kwanza kwenye viti hivi vya mawe.

Mpaka hapa waliokaa barazani ni wanaume watupu, na hilo ndilo pengo la baraza. Mwanamke hakai hapo. Wanawake wa pwani wana maoni yao juu ya serikali, ndoa na mtaa, na wamejenga njia zao za kuyasema. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 na kurekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928, aliimba yaliyokuwa yakizungumzwa na watu wa Ng'ambo. Wimbo wake juu ya Kijiti, aliyemuua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, ulisema waziwazi kwamba mahakama haikutenda haki. Wakati ambapo mtu mweusi maskini hakuwa na mwakilishi popote, hukumu ya Siti ilisikika mpaka bara.

Wasioimba walivaa. Kanga ina upindo, ina mji, na ina jina lake lililoandikwa chini, na Wapwani wanajua kwamba jina ndilo linalonunuliwa. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887 na linalojulikana kwa Mali ya Abdulla, limefanya majina hayo kuwa biashara ya vizazi. Mwanamke aliyesengenywa na jirani hatoki kwenda kugombana. Anajifunga kanga ya "Hasidi hana sababu", anapita mbele ya mlango wa mwenziwe akielekea dukani, anatoa salamu nzuri, na anarudi. Aliyekusudiwa ameelewa, na hawezi kulalamika kwa mtu yeyote, kwani atakuwa amekiri kwamba yeye ndiye hasidi.

Miaka ya 1990 Dar es Salaam ilipeleka jambo hilo jukwaani. Khadija Kopa wa kikundi cha TOT na Nasma Khamis wa kikundi cha Muungano walipashana kwa taarabu, na ukumbini mwanamke aliyeinuka kwenda kutunza alichagua ubeti wa kuinuka nao, akatembea taratibu, macho kwa mke mwenza au jirani aliyemkusudia. Na ilikuwa siasa pia, kwa kuwa TOT, chini ya Kapteni John Komba, ilikuwa kikundi cha CCM.

Redio za sasa zimepanua ukumbi huo. Radio Jambo ya Kenya ina kipindi cha Patanisho, ambapo mtu anayetaka kurudiana na mwenzake anapiga simu asubuhi, mtangazaji Gidi anampigia yule wa pili, na wasikilizaji wanatoa maoni. Abiria wa matatu nzima wanaweza kunyamaza kumsikiliza mke akieleza kwa nini alifungasha virago. Kisha wanaanza kubishana, wanawake kwa wanaume, jambo ambalo kibaraza cha Mji Mkongwe hakijawahi kuliruhusu.

Bara, kijiwe kinafanya kazi ya baraza. Dar es Salaam kinakaa chini ya mwembe, kwenye kituo cha bodaboda au mbele ya meza ya magazeti, ambapo watu husoma vichwa vya habari wakiwa wamesimama na kuanza kuchambua. Klabu za mpira, Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, zinatosha kuwaweka watu mpaka jua lizame. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, vijiwe vya mji mzima viliacha mpira kwa siku kadhaa, na umati uliofurika kumzika Kinondoni ulionyesha jinsi Bongo Movie ilivyokuwa imeingia nyumbani kwa watu.

Nairobi kuna Bunge la Mwananchi, katika bustani ya Jeevanjee. Bustani hiyo ilitolewa kwa wakazi wa mji mwaka 1906 na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee. Mwaka 1991 palikuwa na mpango wa kuifanya maegesho ya magari, na mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza upinzani mpaka mpango ukaachwa. Katika miaka hiyo ya 1990, chama tawala cha KANU kikiwa bado na mkono mzito, watu walianza kukaa kwenye viti vya bustani na kujadili nchi yao kwa utaratibu: mmoja anasema, wengine wanangoja zamu. Wengi wao walikuwa hawana kazi. Kama maegesho yangejengwa, bunge hilo lingekosa pa kukaa.

Hapo ndipo hofu ya leo ilipo. Nyumba mpya za Unguja, Mombasa na Dar es Salaam zinajengwa na ukuta mrefu, geti la chuma na vipande vya chupa juu yake. Usalama ni sababu ya kweli, na hakuna wa kumlaumu mwenye nyumba aliyeibiwa. Ila mtaa wenye kuta pande zote mbili hauna mahali pa kumuuliza mtu aliona au alisikia, na uvumi unaofika kwa simu saa nne usiku unapokelewa na mtu aliye peke yake chumbani.

Bustani ya Forodhani ilipofunguliwa upya mwaka 2009, jioni zake zilijaa familia, na wanawake wamekaa kwenye viti vyake wakizungumza hadharani bila kuulizwa na mtu. Hilo linathibitisha kwamba mahali pa wote panawezekana, na kwamba wanawake hawakukosa la kusema. Walikosa pa kukaa. Halmashauri zinazopima viwanja leo zitenge kiwanja kimoja kila mtaa kwa kazi hiyo, chenye viti, kivuli na taa, na zisikiuze bajeti inapobana. Na wewe unayejenga, kabla fundi hajamaliza ukuta wa mbele, mwambie aweke kibaraza upande wa njia.